Ubavu wa Kulia wa Tairi: Barua ya Wazi kwa Wenye Mamlaka juu ya Barabara za Malindi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi, waheshimiwa wawakilishi wa wadi za Malindi na Magarini, Bodi ya Manispaa ya Malindi, pamoja na wakuu wa taasisi za taifa zinazosimamia barabara kuu zinazopita mjini kwetu.

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Mimi ni fundi wa baiskeli. Kibanda changu kiko chini ya mwarobaini huku Maweni, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili tangu nitandike gunia langu hapo. Uhandisi wa barabara sikuusomea. Lakini barabara ya Lamu, barabara ya Ganda, barabara ya Mombasa na vijia vyote vya mitaani huniletea habari zake kila siku, kwa sababu kila kinachovunjika huko huishia mikononi mwangu.

Naomba nianze na tairi, maana ndiyo kazi yangu. Tairi iliyochoka kwa umri hulika katikati, pale inapogusa lami. Meno yake huisha taratibu, mpira ukawa laini kama kiganja cha mkono, na mwenyewe huja bila manung'uniko, kwa sababu ameitumia ikatumika. Iko tairi ya namna ya pili. Hiyo katikati ni nzima, meno yote yapo, pengine haijatimiza hata miezi mitatu, lakini ubavu wake wa kulia umechanika. Nyuzi zimetokeza, na tyubu inachungulia nje kama ulimi. Kwa miaka mingi nilikuwa natia kiraka, napokea changu, nashukuru Mungu. Baadaye ndipo nilipojiuliza: kwa nini ni ubavu wa kulia kila mara?

Jibu liko barabarani. Sisi hupita kushoto. Lori likipiga honi nyuma yako, huna ila kushuka kwenye mchanga. Likishapita, lazima urudi juu, kwa sababu mchangani gurudumu linazama na mzigo unayumba. Sasa ukingo wa lami umemomonyoka, umesimama wima kama kizingiti cha mlango, na mahali pengine kimo chake chafika shubiri nzima. Gurudumu la mbele likiukaribia kwa mshazari haliupandi. Hujikwangua nao, ubavu wa kulia ukisugua lami, hatua tatu, hatua nne, mpaka lipande au mtu aanguke. Akianguka haangukii mchangani. Gurudumu limenaswa na ukingo, mwili unaendelea, kwa hiyo huangukia kulia, katikati ya barabara, na nyuma ya lori mara nyingi huwa kuna matatu inayolikimbilia.

Tairi hizo nimezirundika nyuma ya kibanda. Anayetaka kuziona aje. Kila moja ni mtu aliyesukumwa nje ya barabara akajaribu kurudi.

Mmoja wao ni kijana aliyekuwa mteja wangu tangu akiwa mwanafunzi. Kazi yake ilikuwa kununua samaki alfajiri ufuoni Shella na kuwapeleka Ganda kabla jua halijakuwa kali. Keria ya baiskeli yake niliiimarisha mimi mwenyewe kwa vyuma viwili vya nondo ili ibebe kreti. Asubuhi moja alishushwa mchangani, akajaribu kupanda, gurudumu likanaswa, na kioo cha gari lililokuwa likipita kikampiga kwenye kiwiko. Gari halikusimama. Watu wa tuktuk ndio waliomwokota wakampeleka hospitalini, na baiskeli ikaletwa kwangu mchana wake. Ringi ya mbele ilikuwa imekunjika kama nane. Nilipoanza kufungua spoku nilikuta magamba ya changu na tafi yamekauka juu ya chuma, yamegandamana na mchanga. Nilikaa nayo muda mrefu ile ringi kabla sijaigusa tena. Yeye alipona, alhamdulillahi, ila mkono haunyooki. Samaki wa siku ile walikuwa wa mkopo. Siku hizi anatembeza biashara ndogo kwa miguu mtaani kwao, na Ganda haendi tena.

Kisa hiki siwaandikii ili mumtafute dereva. Nawaandikia kwa sababu lau ule ukingo ungekuwa umejazwa kifusi na kushindiliwa, kijana yule angepanda lami bila hata kufikiri, na leo angekuwa Ganda akipima samaki.

Mara nyingi baiskeli ikitajwa kwenye vikao vya maendeleo huonekana kama mchezo wa wageni, au jambo la watoto likizoni. Waheshimiwa, njooni msimame njiapanda yoyote ya kuingilia mjini saa kumi na mbili asubuhi. Mtawaona mama wa mchicha kutoka Ganda na Kakuyuni, mafungu yamefunikwa gunia bichi. Mtawaona wauza madafu, wauza mkaa, vijana wa mahamri wenye ndoo ya plastiki keriani, walinzi wanaorudi kutoka zamu ya usiku, wapishi na watunza bustani wanaokwenda mahotelini upande wa Casuarina na Silversands. Mtawaona wanafunzi wawili juu ya baiskeli moja, mdogo amekaa kwenye bomba la mbele ameshika mkoba wa kaka yake. Hawa ndio wanaoulisha mji na kuusafisha na kuulinda. Wengi wao wakilipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku, mshahara wa mwezi huishia barabarani.

Wapo pia wanawake na wasichana, na idadi yao kibandani kwangu inaongezeka. Dera likinaswa na cheni ni hatari, kwa hiyo huwatengenezea kava: nakata mtungi wa plastiki wa lita 20, nautoboa kwa msumari wa moto, naufunga kwa waya kando ya cheni. Wanafurahi sana. Lakini msichana mmoja wa shule aliniambia wiki iliyofuata kwamba babake amemkataza kuipanda, si kwa sababu ya dera, bali kwa sababu ya malori. Kava ya malori mimi sina.

Neno "boda boda" lenyewe lilizaliwa na baiskeli, kule Busia, mpakani na Uganda, ambako vijana walivusha watu na mizigo kwa baiskeli miaka ya 1960. Hata hapa Malindi wengi wetu tunakumbuka baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma zikibeba abiria. Kisha mwaka 2008 kodi ya VAT ikaondolewa kwenye pikipiki ndogo, pikipiki zikajaa, na ikadhaniwa baiskeli imekwisha. Pikipiki sina ugomvi nazo. Zinawalisha vijana wetu. Ila baiskeli haikwisha. Kilichokwisha ni watu kuitazama. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza kabisa ni hili: tuhesabuni. Kabla ya barabara kupanuliwa au kukarabatiwa hupita watu wa kuhesabu magari. Wahesabu baiskeli na waenda kwa miguu vilevile, na wahesabu saa zetu. Anayehesabu kuanzia saa tatu asubuhi amekuta sisi tumeshapita. Wahesabu pia majira yote mawili, kaskazi na kusi. Wakati wa kusi bahari huchafuka, mapato ya uvuvi na ya mahoteli hushuka, na ndipo naona watu wakileta baiskeli zilizokuwa zimetundikwa ukutani ili nizifufue. Tena upepo wenyewe una shida yake ambayo hakuna mchoro utakaoionyesha. Anayetoka Mambrui kuja mjini ana bahari mkono wa kushoto. Kusi humjia mbele, upande wa kushoto, na kumsukuma kulia, kwenye magari. Akiwa na mzigo mpana keriani, mzigo huo unakuwa tanga. Darajani Sabaki, ambako hakuna mchanga wa kushukia, mtu hubana meno na kuomba Mungu mpaka avuke.

Sasa nije kwenye jambo la nani ahusike, kwa sababu hapo tumezungushwa sana. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa serikali za kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, na usimamizi wa magari na maegesho. Barabara kuu zimebaki kwa serikali ya taifa, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za vijijini. Mgawanyo huo upo kwa sababu zake. Lakini mwenye baiskeli anayetoka Barani kwenda sokoni hajui ni jiwe gani limemtoa kwenye barabara ya mmoja na kumwingiza kwenye barabara ya mwingine. Gurudumu lake ni lilelile. Tulipokwenda kuuliza habari ya ukingo wa lami katika ofisi moja tulielekezwa nyingine, na ile nyingine ikaturudisha ya kwanza. Naomba mkae meza moja, mara moja tu, mkiwa na ramani ya mji mbele yenu, mtie rangi kila kipande: hiki chako, hiki changu. Kisha ramani hiyo ibandikwe pale manispaa ili mwananchi ajue pa kupiga hodi.

Na tunachoomba si kikubwa. Cha kwanza cha kutengenezwa ni ukingo. Bega la barabara kutoka daraja la Sabaki hadi katikati ya mji, kutoka Ganda hadi mjini, na kutoka Gede kupitia Msabaha hadi mjini, lijazwe na kushindiliwa likae sawa na lami, na baada ya kila masika lirudiwe, kwa sababu maji ya mvua ndiyo yanayolichimba. Kazi hii haingoji mradi mkubwa wala mkopo wa nje. Ni lori la kifusi, mashine ya kushindilia, na vijana wa hapahapa wenye makoleo. Nimeona mitaa kadhaa ya mji imetiwa matofali ya kabro ikapendeza, na ninashukuru kwa hilo. Vivyo hivyo yaweza kufanyika huku nje kidogo, ambako ndiko watu wanakoumia.

Pale ambapo barabara itapanuliwa au kujengwa upya, tunaomba njia ya baiskeli ya kweli iwemo tangu mchoro wa kwanza. Si mstari wa rangi. Baiskeli yenye mizigo pande mbili inakula karibu mita nzima. Ili mmoja ampite mwenzake panahitajika mita 2. Na njia hiyo itengwe kwa ukuta mfupi au viguzo. Jiji la Nairobi lilipitisha sera ya usafiri usio wa injini mwaka 2015, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na mwaka 2020 zikajengwa njia nzuri katikati ya jiji, Kenyatta Avenue ikiwemo. Waliofika huko wanajua kilichofuata penye upenyo: pikipiki ziliingia na magari yakaegeshwa. Tusirudie kosa ambalo wenzetu wameshalilipia. Kiguzo kimoja cha zege katikati ya mlango wa njia kinatosha kumzuia mwenye gari bila askari kusimama juani.

Kuna suala la mwendo. Sheria ya Trafiki inasema ndani ya mji gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale ambapo magari yanachanganyika na watu wa miguu na baiskeli, na ripoti yake ya mwaka 2023 ilisema watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Mbele ya shule na soko, na pale mabasi yanaposhushia watu, tunaomba 30. Kibao peke yake hakitoshi. Yawekwe matuta, lakini matuta yenye mwanya wa baiskeli kupita kando, maana tuta lililojengwa kutoka mtaro hadi mtaro humlazimisha mwenye baiskeli kuhamia katikati au kumwaga mzigo. Nimeshaunga fremu nyingi zaidi zilizokatika kwa sababu ya tuta kuliko zilizokatika kwa sababu ya ajali.

Taa. Wafanyakazi wa hoteli hutoka zamu saa nne, saa tano za usiku, na kuanzia kwenye mageti ya mahoteli kuelekea Mayungu au kurudi mitaani kwetu giza ni la kushikika. Baiskeli nyingi za kazi hazina taa. Mimi hufunga viakisi bila malipo, vipande vya karatasi ya kung'aa ninavyookota kwenye mabaki, na mteja akiweza kununua kurunzi naifunga kwa mpira wa tyubu. Hilo ndilo fungu langu. Fungu lenu ni nguzo za taa. Wenyeji wa Malindi hupenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi njia ya Casuarina ikipata taa na ukingo mzuri, mgeni atafurahia matembezi yake, na mpishi aliyempikia atafika kwake salama.

Na pa kuegesha. Hili ni dogo na ndilo linaloweza kufanyika mwezi ujao. Hospitalini, sokoni, steji, na kwenye ofisi zenu wenyewe, mtu hana pa kufungia baiskeli isipokuwa nguzo ya umeme au shina la mti. Zinaibwa. Mama anayekwenda kliniki na mtoto mgongoni anakaa kwenye foleni roho ikiwa nje. Wachomeleaji wa jua kali hapa mjini wanaweza kupinda mabomba na kuyachimbia kwenye zege kwa siku moja. Wekeni na kipande cha bati juu, kwa sababu jua la Malindi huua tairi na kiti haraka kuliko barabara. Mkitaka vipimo, vya urefu wa bomba na nafasi kati ya baiskeli na baiskeli, nitawachorea.

Najua mtaniambia bajeti ina utaratibu wake. Kweli ina, na tumejifunza tarehe zake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa ufikishwe kwenye Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katiba, Ibara ya 37, inatupa haki ya kuwasilisha malalamiko yetu, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatupa haki ya kulipelekea Bunge la Kaunti ombi rasmi. Ombi hilo tunaliandaa. Waendesha baiskeli, wauza samaki, walezi wa wanafunzi na mafundi wenzangu tumeanza kukutana Jumapili jioni hapa chini ya mwarobaini. Tutahudhuria kila kikao cha kukusanya maoni ya wananchi, na tunaomba vikao hivyo visifanyike saa za asubuhi za kazi katika ukumbi wa hoteli, kwa sababu tunaowataka wasikike ndio wanaokuwa barabarani saa hizo. Fanyeni kimoja Ganda, kimoja Sabaki, jioni, mahali penye kivuli. Watu watakuja.

Jambo moja linanikaa moyoni na sitaki kulinyamazia. Mimi hupata riziki kutokana na vitu kuvunjika. Barabara ikitengenezwa, nusu ya kazi yangu itapungua. Nimelifikiria hilo na nimekubali, maana nimechoka kupokea baiskeli iliyoletwa na mtu asiyekuwa mwenyewe. Mlango wa kibanda changu una msumari ambapo hutundika kadi za majina ili nijue ipi ni ya nani. Zipo kadi mbili pale ambazo hakuna aliyerudi kuzichukua, na baiskeli zake bado ziko nyuma, tayari, zimetiwa mafuta.

Kabla hamjatujibu kwa maandishi, nawaomba mje. Jumamosi yoyote mtakayochagua, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukutane upande wa mjini wa daraja la Sabaki, tuendeshe pamoja hadi sokoni. Haifiki saa nzima hata kwa mwendo wa pole. Baiskeli za kuwaazima ninazo, nitazitia upepo usiku wake na kuzikagua breki. Mmoja wenu nitamwomba abebe kreti keriani, ikiwa na mzigo wa kawaida wa samaki na barafu, ili asikie inavyovuta pale ukingo unapomkatalia. Vaeni viatu vya kufunika vidole, na suruali ifungwe kwa kamba kwenye kifundo cha mguu wa kulia, upande wa cheni.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa baiskeli,
Maweni, Malindi.